Uliza Ujibiwe: Narung'ombe hakuna ng'ombe, na maswali mengine ya majina ya mitaa

Mwezi huu sijui kimewapata nini wasomaji wangu, barua nusu nzima ni za majina. Majina ya mitaa, majina ya vichochoro, majina ya njia za kijijini. Nimechagua tatu, ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu inastahili, wengine mtanivumilia.

SWALI

Habari za kazi mhariri. Mi nimezaliwa Kariakoo, nyumba ya babu ilikuwa Mtaa wa Narung'ombe kabla haijauzwa ikavunjwa pakajengwa ghorofa la maduka. Tangu mdogo naambiwa ule mtaa zamani palikuwa na zizi la ng'ombe, wengine wanasema ni njia ya kupitishia ng'ombe kwenda machinjioni, na shangazi yangu yeye anashikilia kwamba palikuwa na mzee mmoja anaitwa Naru, tajiri wa ng'ombe, mtaa ukachukua jina lake. Juzi wanangu wameniuliza nikabaki natoa macho tu. Ni ipi ya kweli kati ya hizo? Na mtu akitaka kutafuta mwenyewe anaanzia wapi?
Msomaji, Tabata

JIBU

Ndugu yangu wa Tabata, hakuna hata moja. Shangazi usimwambie nimesema mimi.

Narung'ombe ni mahali, na mpaka leo pako, ni kata ndani ya wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi. Mtu aliyewahi kusafiri Kusini akisikia tu hilo jina anajua limetoka upande gani, maana kule majina yanayoanza na Na yamejaa kila kona, Nachingwea, Nanganga, Nandagala, Nambilanje, Namichiga. Liweke Narung'ombe kwenye mstari huo linakaa bila shida. Alafu liweke kwenye mstari wa majina ya Kariakoo kama Msimbazi, Mchikichi na Mkunguni, utaona linabaki limejitenga kama mgeni. Kwaiyo yule ng'ombe tunayemsikia mwishoni ni masikio yetu tu yanakamata neno linalolijua, na sikio likishakamata neno basi hadithi inajitengeneza yenyewe, zizi linajengwa, mchinjaji anapatikana, mpaka mzee Naru anazaliwa. Ukitaka kujua hadithi ya jina imetungwa kinyumenyume angalia kitu kimoja: je, huyo mtu au hicho kitu kinapatikana popote nje ya jina lenyewe? Mzee Naru hana mtoto, hana kaburi, hana kiwanja, hana hata jirani aliyewahi kugombana naye. Anaishi ndani ya jina la mtaa basi.

Sasa swali zuri linakuja hapa, kata ya huko Ruangwa imefikaje Kariakoo?

Hapo ndo watu wengi wanakwama, kwa sababu wanauliza mtaa wao peke yake. Usiuulize mtaa mmoja, uliza na majirani zake. Zunguka Kariakoo usome vibao. Kuna Tandamti. Kuna Mahiwa. Kuna Kibambawe. Kuna Mhonda. Na haya nayo kila moja limeshapewa hadithi yake, Tandamti utaambiwa palikuwa na mti mkubwa umetanda, na ni hadithi nzuri kwakweli, hata mimi ningependa iwe kweli. Lakini chukua hayo majina matano, Narung'ombe, Tandamti, Mahiwa, Kibambawe na Mhonda, yaweke juu ya ramani ya Tanzania alafu tafuta mwaka 1916 na 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Mwingereza na Mjerumani wakipigana kwenye ardhi yetu.

Mhonda iko kwenye milima ya Nguru, upande wa Turiani kule Morogoro, palikuwa na misheni, na majeshi ya Mwingereza yalipita hapo Agosti 1916 yakimsukuma Mjerumani kurudi nyuma kuelekea reli ya kati. Tarehe 4 Septemba mwaka huohuo Waingereza wakaingia Dar es Salaam. Mjerumani hakukata tamaa, akashuka kusini. Januari 1917 vita iko Rufiji, na Kibambawe ni pale kwenye mto, ni siku hizohizo ambazo yule mwindaji Selous, ambaye jina lake lilikuja kupewa pori la akiba, alipigwa risasi akafa Behobeho, tarehe 4 Januari. Tarehe 19 Julai 1917 jeshi lililotoka Kilwa likapambana na Wajerumani Narung'ombe, na waliopigana hapo upande wa Mwingereza wengi walikuwa Waafrika, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki) na wale waliotoka Gold Coast ambayo sasa ni Ghana. Wiki mbili baadaye, tarehe 3 Agosti, upande wa Lindi, mapigano yako kwenye kilima cha Tandamuti, ndivyo ripoti za kijeshi zinavyoandika, na herufi u. Alafu Oktoba, kuanzia tarehe 15 mpaka 18, ikaja Mahiwa.

Mahiwa naomba nisimame kidogo. Iko karibu na Nyangao, ukitoka Lindi kwenda Masasi unapita maeneo hayo. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, alikuwa na watu kama 1,500, Mwingereza alikuwa na karibu 4,900 wakiwemo Wanigeria, na katika siku nne upande wa Mwingereza ukapoteza watu kama 2,700, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea ukiwajumlisha. Zaidi ya nusu. Upande wa Mjerumani hasara ilikuwa ndogo kwa idadi ila yeye hakuwa na wa kuziba pengo, risasi nazo zimekwisha, ndo maana mwezi uliofuata akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Ni moja ya mapigano makali kabisa ya vita ile kwenye ardhi yetu, na leo ukisema Mahiwa mtu wa Dar anakuuliza vitenge au vipuri.

Majina matano ya viwanja vya vita ileile, ndani ya eneo unaloweza kulizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Mimi siiti hiyo bahati.

Na ukumbuke Kariakoo yenyewe ni nini. Hili wengi mnalijua, ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, tumeligeuza tu likakaa mdomoni mwetu, na Nairobi nako wana Kariokor yao iliyotokana na kitu hichohicho. Mjerumani alishapima ule mji wa Waafrika, barabara zimenyooka kama alivyochora kabla ya vita, na jengo la soko alishalijenga, ila vita ikaanza kabla mambo hayajakaa sawa, Mwingereza alipoingia akalifanya kambi ya wapagazi. Hao ndo waliobeba chakula, risasi, mizinga iliyofunguliwa vipandevipande, na machela za majeruhi, kwa miguu, maana mbung'o walimaliza farasi na nyumbu na magari yanazama kwenye tope la masika. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba upande wa Mwingereza peke yake walikufa wapagazi kama 95,000. Risasi iliua wachache. Kilichowamaliza ni kuhara, malaria, nimonia na njaa. Pale mjini kwenye Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 soma maandishi ya chini siku ukipita, yapo na kwa Kiswahili, wapagazi wanaitwa mikono na miguu ya jeshi.

Kwaiyo mitaa iliyozunguka kambi ya wapagazi ina majina ya sehemu ambako mizigo ilikuwa inapelekwa. Mi naona hiyo inatosha, lakini kwa mbishi kuna hoja nyingine ya tarehe. Kabla ya Julai 1917 nani Dar es Salaam alikuwa na sababu ya kuandika Narung'ombe kwenye kibao? Mjerumani hawezi, alishaondoka mjini miezi kumi nyuma. Barabara ni ya zamani kuliko jina lake. Hiyo peke yake inafukuza zizi, inafukuza machinjio, na mzee Naru anafuata nyuma na ng'ombe wake.

Nimeshasikia wanaosema jina la vita ni la aibu kwa kuwa ni vita ya wazungu. Sawa, lakini waliokufa Narung'ombe si wazungu peke yao, na kama babu yako alinunua kiwanja miaka ya baada ya vita huenda hata jirani yake alikuwa amebeba mzigo kwenda huko, hao watu walikuwepo mjini, wengine hawakurudi makwao tena.

Usidhani mitaa yote ya Kariakoo ni hivohivo lakini. Aggrey ni mtu, Dokta James Aggrey, mwalimu aliyezaliwa Gold Coast, alipita Afrika Mashariki mwaka 1924 na tume ya elimu ya Phelps-Stokes, wazee wetu wa siasa za mwanzo walimpenda sana. Lumumba ulikuwa New Street, ni mtaa uleule wenye ofisi ya TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, ambako TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, umepewa jina la Patrice Lumumba baada ya kuuawa Januari 1961. Uhuru tulikuwa tunaiita Kichwele. Na ile Samora, ukienda mjini, imevaa majina kama mtu anayebadilisha koti, kwa Mjerumani ilikuwa Unter den Akazien, Mwingereza akaifanya Acacia Avenue, yaani alitafsiri tu uvivu ulioje, tukapata uhuru ikawa Independence, mwishoni Samora. Kila tabaka lina mwenyewe, ndo maana nasema usichukue kanuni moja ukaipiga kwenye mji mzima.

Pa kuanzia: karatasi za kiwanja cha babu kama hazijapotea kwenye mauzo, hizo zina namba ya ploti, bloku, jina la mtaa na tarehe, na tarehe ndiyo unayoitaka. Unatafuta karatasi ya zamani kuliko zote inayotaja jina. Alafu nenda Nyaraka za Taifa pale Upanga, uliza ramani za mji wa Dar za miaka ya 1920 na majalada ya mji, nenda na kitambulisho na subira, pia maktaba ya Chuo Kikuu Mlimani wana sehemu yao ya East Africana. Na uandike maneno ya shangazi pia, yaandike yote na uweke na jina lake na mwaka aliokusimulia. Hadithi ya zizi haituambii jina limetoka wapi ila inatuambia watu wa mtaa walikuwa wakiliwaza vipi, na hiyo nayo ni historia ya mtaa, ila iweke kwenye faili lake.

SWALI

Assalaam aleikum kaka mhariri. Mimi ni mkaazi wa Mombasa, Mji wa Kale. Kijana wangu alirudi na habari ati Ndia Kuu ni jina tulopewa na Mreno, yeye amelitafsiri tu kutoka Kireno. Nimekasirika lakini sina la kumjibu. Nisaidie nipate kumnyamazisha.
Mama watatu, Mombasa

JIBU

Waaleikum salaam dada yangu. Kijana mwambie Mreno alikuwa na jina lake la barabara hiyo na si hilo. Aliita Raposeira, ni pango la mbweha. Barabara yenyewe ni ya kale kweli, ilitoka upande wa Ngome ya Yesu ambayo ujenzi wake ulianza 1593, ikapita kuelekea kwenye nyumba ya watawa wa Augustino waliyoifungua 1597, na Wareno walijenga nyumba zao humo. Ngome ikaanguka Desemba 1698 baada ya kuzingirwa tangu Machi 1696, Mreno akaondoka, na mbweha wake akaondoka naye, sijawahi kusikia mtu wa Mvita akisema naenda Raposeira kununua mahamri. Ndia Kuu ni Kimvita kitupu, kila mtu wa huko akisema njia anasema ndia, na barabara kubwa ya mji ni kuu, haihitaji Mreno.

Ila kijana asifukuzwe kabisa, ana pa kujitetea. Hapohapo Mji wa Kale kuna Mbarak Hinawy Road, hiyo kwa muda ilikuwa na jina la Vasco da Gama, bwana ambaye alifika Mombasa Aprili 1498 akaondoka kwa uhasama siku chache tu baadaye kwenda Malindi. Kumpa barabara mtu wa namna hiyo, haya. Ikabadilishwa ikapewa jina la Sir Mbarak Ali Hinawy aliyekuwa liwali wa pwani, alifariki 1959. Na kule chini kwenye ngazi za kushukia baharini, Leven Steps, ni jina la merikebu ya Kiingereza, HMS Leven, ya Kapteni Owen, aliyekuja 1824 wakati Mazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, wanataka kinga dhidi ya Sultani wa Omani, mpango ule ukadumu mpaka 1826 ukavunjika. Yule luteni aliyeachwa kusimamia, Reitz, alikufa kwa homa mwaka uleule wa 1824, ndo Port Reitz hiyo. Kwaiyo wageni wapo kwenye majina ya Mombasa, wengi tu, ila Ndia Kuu hawamo.

SWALI

Shikamoo mhariri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kijiji chetu kiko njia ya kupanda Amani kutokea Muheza. Kuna njia ya miguu hapa kijijini inaitwa Relini, inapita nyuma ya nyumba za watu, inazunguka kilima na kushuka mpaka karibu na mto. Wazee wanasema Mjerumani alipitisha treni hapo. Vijana wanacheka, wanasema treni ipande huku milimani imetoka wapi na inakwenda wapi. Sasa mwenyekiti wa kitongoji anataka vibao vya anwani za makazi, na kuna wanaotaka njia ipewe jina la kisasa kwa vile "hakuna reli". Nitathibitishaje kabla mkutano haujakaa?
Mwalimu, Muheza

JIBU

Marahaba mwalimu. Vijana wacheke ila wasicheke sana, treni milimani huko ilikuwepo.

Reli kubwa ya Tanga ilianza kujengwa 1893, ikafika Muheza 1896, ikakwama kwa kukosa hela mpaka serikali ya Kijerumani ikaichukua 1899, Korogwe ikafika 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Hiyo wote mnaijua. Lakini kwenye kituo cha Tengeni ilitoka reli nyingine ndogo, nyembamba, upana wake sentimita 75 wakati ile kubwa ni mita moja, ikapanda kwenye bonde la Sigi kilometa kama 23. Ilijengwa kati ya 1904 na 1910. Ilikuwa inafuata mbao za msitu wa Usambara Mashariki, na kule juu Amani kulikuwa na taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo iliyofunguliwa 1902, kwaiyo abiria na mizigo ya taasisi walishukia Sigi kisha wakamalizia mlima. Reli nyembamba inakata kona kali ambazo treni kubwa haiwezi, ndo maana ilithubutu kwenda huko.

Lakini usikimbilie hapo moja kwa moja, kuna mshukiwa wa pili. Muheza ni nchi ya mkonge. Mkonge wenyewe Hindorf aliuleta 1893, ilifika salama miche 62 tu ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutoka kwenye hiyo 62 mkoa mzima ukaja kufunikwa. Na mashamba ya mkonge yalikuwa na vireli vyao vya troli vya kubebea majani kupeleka korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge. Wazee waliozaliwa kwenye kambi za manamba, vibarua wa mashambani waliotoka mbali, nao wanaita hivyo vireli "reli" bila kupepesa. Kwaiyo Relini yako inaweza kuwa ya mbao au ya mkonge, na ni vitu viwili tofauti kabisa kwa umri na kwa habari zake.

Cha kwanza tembea njia yenyewe, taratibu, asubuhi kabla majani hayajakauka uone vizuri mteremko. Umeandika kwamba inazunguka kilima, hiyo nimeipenda sana. Njia ya miguu haina muda wa kuzunguka, watu wenye ndoo kichwani wanashuka moja kwa moja mtoni, lakini treni haiwezi kushuka moja kwa moja, lazima izunguke kwa mteremko ulio sawasawa, kwahiyo tafuta sehemu kilima kimekatwa ukuta upande mmoja, tafuta tuta la udongo sehemu palipo na bonde dogo, tafuta kalavati la mawe pale maji yanapopita chini. Ukikuta hayo matatu kwenye njia moja basi watu wa mguu hawakuichimba. Na kama njia inakwenda tu kwenye tambarare mpaka mashamba ya mkonge au mabaki ya korona alafu inaishia hapo, huyo ni troli.

Cha pili vyuma. Reli ikifa vyuma vyake havifi, vinahama. Angalia nguzo za nyumba za zamani, vizingiti, madaraja ya kuvukia mifereji, jiko la mama ntilie limekalia nini. Mjerumani kwa ajili ya mchwa alipenda mataruma ya chuma, vile vipande vinavyolazwa chini ya reli, na taruma la chuma ni kitu watu wa kijijini hawatupi. Pima upana wake na sehemu zile reli zilikuwa zimekaa, umbali kati ya reli na reli ukiwa sentimita 75 umeshapata jibu lako, mkonge wengi walitumia nyembamba zaidi ya hapo, sentimita 60.

Cha tatu wazee, na hapa walimu huwa mnaharibu kwa kuitisha kikao. Usiitishe kikao. Kwenye kikao akisema mzee wa kwanza wote wanaitikia. Nenda nyumba kwa nyumba na usiulize jina lina maana gani, uliza vitu vya pembeni: ulipokuwa mdogo ukitumwa mtoni ulipita wapi, nani alikuwa na nyumba pale kona, mlikuwa mnachezea nini kule. Waulize bibi hasa, wao ndo walioteka maji huko miaka yote. Na zile familia ambazo mababu zao walikuja kama manamba kutoka mbali usiziruke kwa sababu "si wenyeji", kwa habari za troli hao ndo wenyeji.

Ramani nazo zipo. Mjerumani alichora koloni lote kwa karatasi za 1:300,000, kazi ya akina Sprigade na Moisel, na nyingi zimeskaniwa, mtu mwenye bando anaweza kuzipata akiwa amekaa hapohapo shuleni, reli inaonekana kama mstari na vituo vimeandikwa. Alafu karatasi za 1:50,000 za Idara ya Upimaji na Ramani, hizo ndo zenye undani wa vijiji, tafuta chapa ya zamani kuliko zote. Kama una mtu Dar akusaidie Nyaraka za Taifa aombe vitabu vya wilaya, mabwana shauri wa Kiingereza walikuwa wanaandika humo kila kitu, ugomvi wa mipaka, mashamba, barabara, mpaka nani machifu wanamnunia.

Kuhusu mkutano, mimi si wa kijiji chenu ila maoni yangu nayatoa, kibao kiandikwe Relini. Hoja ya kwamba hakuna reli haina miguu, Darajani Unguja ule mkono wa bahari ulishafukiwa zamani na hakuna daraja, mbona hakuna aliyepotea sokoni. Jina la kisasa mnaweza kulipa njia mpya, hazikosekani. Tena mwenyekiti akitaka jina lenye mtetezi atalipata hapo, mkiweka la kisasa ubishi wa nani apewe hautaisha mwaka huu.

Na mwalimu, kabla hujaenda popote, kengele ya shule yenu ni nini? Shule nyingi za zamani kengele ni kipande cha chuma kilichoning'inizwa mtini, na mara nyingi kile chuma ni reli. Kama ni reli kishushe siku ya Jumamosi, kisugue ubavuni na brashi ya waya na mafuta ya taa kidogo, pale katikati kwenye ule ukuta mwembamba kati ya kichwa na kitako. Viwanda vya reli vilikuwa vinagonga jina la kiwanda na mwaka wa kutengenezwa hapohapo, herufi zimeinuka, zikiwa na kutu huzioni ila ukipitisha kidole unazisikia. Pima na urefu wa kusimama kwake, reli ya troli ni fupi na nyepesi, ya treni ni nzito. Piga picha na rula ikiwa pembeni, nitumie, ikitoka mwaka wa 1904 mpaka 1910 tutaichapa kwenye toleo lijalo na vijana wako waliocheka tuwape kazi ya kuhesabu makalavati.